Lugha Moja kwa Mashine Tatu

Wakati wa Zaïre, ofisi yetu iligawa dawa kwa vituo vya afya, na ilikuwa na kompyuta tatu zisizoelewana hata kidogo. Ya Ibanda, makao makuu, ilitoka Ubelgiji. Ya depo ya dawa kule Nguba ilitoka Ufaransa. Ya tatu, iliyokaa kituo cha Nyantende ikila mafuta ya jenereta ya paroisse, parokia ya hapo, ilitoka Ujerumani. Disketi ya huku haikusomeka kule. Hata herufi za kibodi hazikukaa mahali pamoja: ukizoea Ibanda, ukifika Nyantende unaandika upuuzi. Kila mfadhili alileta mashine na programu yake, akapiga picha, akapanda ndege.

Kuzitunza kulikuwa juu yangu. Nilikuwa nimesoma informatique, elimu ya kompyuta, Kinshasa, nikarudi nyumbani na diploma pamoja na mdomo usiofungika.

Boksi la kwinini likibadilishwa ukubwa, ilibidi nirekebishe programu tatu, kwa lugha tatu za kompyuta, zote zikiitwa Basic lakini zikifanana jina tu. Mvua moja ilikata barabara, sikuweza kufika Nyantende, na mashine ya kule ikaendelea kuagiza kwa hesabu ya zamani. Kwinini ikaisha. Nilipofika, maman infirmière, muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mtoto anayetetemeka kwa homa.

“Mashine yako inasema dawa iko,” aliniambia, akinivuta kuelekea rafu. “Kuya unionyeshe kwenye iko.”

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Nikaapa kwamba dawa za Nyantende hazitategemea tena programu tatu za watu watatu.

Kulikuwa na lugha mpya ya kompyuta, Pascal, niliyoionja mwaka wa mwisho wa masomo. Unaandika programu mara moja, na kila mashine inakuwa na mtafsiri wake, programu inayoigeuza kuwa amri za mashine hiyo. Rafiki wa chuoni alinitumia disketi za watafsiri hao kutoka Kinshasa. Wanaosema lugha hiyo inafanana kila mahali wanadanganya kidogo, maana kila mashine ilikuwa na namna yake ya kufuta skrini na kuamrisha printa. Mambo hayo ya ukaidi niliyafungia kwenye ukurasa mmoja, nikawa nabadilisha huo tu. Mengine niliyachapisha, nikabeba karatasi kwenye mfuko wa plastiki, nikayapiga upya kwa vidole, Nguba kisha Nyantende. Programu za wafadhili nikazifuta.

Hapo ndipo Directeur, mkuu wa ofisi yetu, alipopandisha presha. Kwetu mtu akikupa kikwembe, yaani kitenge, siku anapokutembelea unakivaa. Yeye aliihamishia desturi hiyo kwenye kompyuta. Mfadhili akitangazwa, kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine kiliondolewa na programu ya mgeni ilipaswa kuwa inawaka, hata kama mwaka mzima hakuna aliyeitumia. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kuonekana hana adabu.

“Citoyenne, jeudi bageni ba mashine ya Nyantende banakuya,” alisema; citoyenne, raia wa kike, ndivyo mwanamke alivyoitwa enzi hizo. “Utarudisha programe yabo mu mashine.”

“Hapana, Papa Directeur.”

“Batakasirika. Batabeba mashine yabo.”

“Babebe.”

“Na wewe utapoteza kazi.”

Niliogopa, kwa nini niseme uongo? Mshahara wangu ulilisha nyumba nzima. Lakini sikurudisha kitu. Alhamisi, kule Nyantende, mgeni Mjerumani alitafuta programu yake kwenye skrini, akauliza iko wapi. Nilimjibu kwa Kifaransa kwamba nimeifuta, kwa sababu ilituhesabia dawa ambazo hazikuwepo. Alimtazama Directeur, si mimi. Baada ya muda mfupi gari likaja kuchukua mashine, na Directeur akaniambia nijiandae kuondoka mwisho wa mwezi.

Sikujiandaa. Nilikwenda kwa mapadri wa shule, nikaomba kompyuta yao ya Kimarekani iliyokuwa ikila vumbi. Mtafsiri wa Pascal alikuwemo tayari. Nikaipandisha Nyantende, nikabadilisha ule ukurasa mmoja, nikapiga mengine kama yalivyo. Makosa mawili matatu ya vidole, nikayasahihisha, ikakubali. Maman infirmière akaingiza hesabu za rafu zake mwenyewe.

Directeur alifika siku hiyohiyo kuona ninafanya nini na mashine asiyoijua. Aliizunguka akitafuta jina la mfadhili aliyeitoa.

“Iyi ni ya nani?”

“Ya mapadri.”

“Na programe yabo? Bakikuya, tutabaonyesha nini?”

“Nimeshaifuta, Papa. Mapadri banajua.”

Printa ilikuwa imemaliza kutoa oda ya kwinini, na bila saini yake haikuweza kushuka depo. Maman infirmière aliichana, akaiweka mbele yake, akabaki amesimama. Directeur alitutazama sisi wanawake wawili, akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti lake la abacost, akasaini.