Sura ya Baba wa Bibi Harusi

Nakumbuka siku moja ya ukungu, miaka ile ya vita, nilipokuwa msichana wa kamera pale Walikale, na kwa maoni yangu mwenyewe fundi kuliko mafundi wote. Nilikwenda kijiji cha Ntoto kupiga video ya harusi. Hata leo naiona: weupe umelala juu ya mihogo, wanawake wanatokea ndani yake wakicheza, na baba wa bibi harusi anakuja polepole, kofia mkononi, akicheka peke yake. Ilikuwa kama ndoto, mwanangu, na kamera yangu iliiona yote.

Wakati huo kompyuta zetu zilitegemea jenereta, na mafuta yalikuwa adimu. Basi nilipomaliza kuunganisha video, na kompyuta ikaniuliza niitoe kwa ubora gani, sikutazama picha, nilitazama tangi. Nikachagua ubora mdogo kuliko wote, ule wa simu, kazi iishe kabla injini haijazimika. Kwenye simu ilipendeza, watu wakarushiana, nami nikavimba kichwa. Kisha nikafuta kadi ya kamera, iliyobeba video ya asili pekee, maana harusi nyingine ilikuwa inangoja.

Miezi michache baadaye mapigano yakafika Ntoto. Mama wa bibi harusi akaja kwangu kwa miguu. Mume wake alikuwa amefariki wakiwa wanakimbia, na nyumba ilikuwa imeungua na picha zote. Aliniomba nitoe uso wa mumewe kwenye video, niuchape mkubwa, ili wajukuu wamjue.

Nikafungua video, nikaikuza. Baba akatokea kwenye ukungu, lakini mahali pa uso palikuwa na viraka vya rangi vinavyotetemeka. Nikaitoa upya kwa ubora wa juu kabisa. Viraka vikawa vikubwa tu.

“Kutembea njo kwake,” Mama akasema taratibu, akiutambua mwendo wa mumewe. “Macho yake iko wapi?”

“Nilitoa ndogo, Mama. Mafuta ilikuwa inaisha.”

Akaweka kidole kwenye kioo. “Mutoto wangu, ungeniambia. Ningeuza hata kuku nikuletee mafuta.”

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Heri angenigombeza.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe unayejua kubonyeza haraka kuliko mimi. Video unayoitoa iwe na resolisheni ileile ya kamera, yaani wingi uleule wa nukta za picha, na hesabu ileile ya picha kwa sekunde. Usiibane ili faili iwe nyepesi, hapo ndipo nyuso hupotea, na zikipotea hakuna kitufe cha kuzirudisha. Ya simu toa pia, lakini iwe nakala ya pembeni. Na video ya asili usiifute kwa sababu ya haraka ya kesho. Mafuta yakiisha, ngoja mengine.

Mungu akupe mikono mitulivu na subira, na akuepushe na siku ya kumwambia mjane kwamba ulikuwa na haraka.