Yanayoshuka Kutoka kwa Ta Venant

Hebu mwone anavyopanda. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. Mkononi ana jagi la maji lenye mfuniko. Njia ya mlimani hapa Pasiansi ni mawe juu ya mawe, na jana ilinyesha, kwa hiyo anashika jiwe hili, anaacha, anashika lile. Kila akiacha jiwe anafuta kiganja kwenye kitenge. Anafuta, ananusa, anafuta tena. Anajua mawe yale yamelowa nini.

Huyo ndiye Leonsia, Mama Noela, mjane wa Kihaya aliyekuja mjini na mumewe, fundi wa injini za meli za ziwani. Mume alipostaafu, mafao yake yaliingia kwenye shimo moja tu: kisima. Wachimbaji waligonga mwamba wiki tano, wakahama kona hadi kona ya kiwanja, mpaka wakapata mfuko wa udongo katikati ya majabali mawili. Maji yakatoka, ya baridi, meupe. Mzee aliyanywa mwaka mmoja tu, akafariki.

Basi Leonsia alikilea kile kisima kama mtoto wa mwisho. Alikizungushia sementi, na juu ya sementi ile huingii na viatu. Huchovyi ndoo yako. Kamba ni yake, ndoo ya kuchotea ni yake. Siku moja Suzana wa mtaa wa juu alitema mate karibu na ukingo. Alifukuzwa na fagio mpaka barabarani, na wiki nzima hakuuziwa maji. Watu walicheka, lakini wakarudi, maana bomba huko mlimani linatoa maji siku linapojisikia, na wenye mikokoteni wanauza dumu moja kwa bei ya ndoo zake kumi.

Mwezi uliopita akaja bwana afya, kijana mmoja mpole aitwaye Nathaniel, kuandikisha visima vya watu binafsi vipewe vibali. Akapima umbali kwa futi ya kamba, akajaza chupa, akaondoka. Alhamisi akamwita ofisini.

"Mama, maji yako yana kinyesi cha binadamu."

"Umechanganya chupa, baba."

"Sijachanganya. Kuna mtu anakutapishia."

Kama hujawahi kuishi kwenye vilima vya Ilemela, nikueleze. Huku juu huwezi kuchimba karo la choo likaenda chini, mwamba unakataa. Karo linakuwa fupi, linajaa upesi, na gari la kunyonya majitaka halipandi mawe. Kwa hiyo watu wanaacha bomba ubavuni mwa karo, wameliziba kwa tambara na mfuko. Wanasubiri mvua kubwa. Ikishuka, mtu anatoka na mwavuli, anazibua, na choo kinatapika pamoja na mafuriko. Mvua ikikatika, hakuna aliyeona kitu.

"Nakupa siku saba," Nathaniel akasema. "Mtafute. Usipompata, kisima nakifunga."

Leonsia alirudi akachota ndoo moja, akainama juu yake. Hayakunuka. Yalikuwa meupe vilevile, unaona mpaka chini. Hilo ndilo lililomtia kinyaa: kwamba yalikuwa mazuri.

Ijumaa alasiri mvua ikapiga. Hakungoja. Alijifunika mfuko wa nailoni, akaufuata mfereji kuelekea juu, uji wa kahawia ukimpita miguuni, na ndani yake makaratasi, nepi, na vitu ambavyo sitavitaja kwa kuwa pengine unakula. Mfereji uliishia kwenye ukuta wa rangi ya maziwa, na kwenye ukuta bomba, na kwenye bomba lile choo cha Ta Venant kilikuwa kinatoka kwa furaha. Ta Venant! Mzee wa Kihaya kama yeye, mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki, mwenye kuongoza rozari. Mteja wake wa kila siku, ndoo sita.

Alitapika hapohapo.

Leo ni Jumamosi, na jumuiya inasali kwa huyohuyo Ta Venant. Sasa unaelewa lile jagi.

Alifika wakati sala imekwisha na maji ya kunywa yanazungushwa. Watu kumi na wawili, bilauri mikononi.

"Karibu, Ma Leonsia!" Ta Venant akainuka. "Umechelewa, lakini umetuletea na maji!"

"Nimekuletea ya kwako." Akammiminia bilauri mpaka juu. "Kunywa."

"Ya kwangu vipi?"

"Jana ulipozibua choo, yalishukia kwangu. Nimeyachota, nimekurudishia. Kunywa, mwenyekiti. Mbona unayanywa kila siku?"

Mtu mmoja mlangoni akatema kwenye maua. Wengine wakaweka bilauri chini polepole.

Ta Venant hakukana. Hilo Leonsia hakulitegemea. "Gari halipandi, Ma Leonsia," akasema. "Ulitaka nikibebe kwa mikono?"

"Ungeniambia siku unayozibua, nifunike kisima! Unanilisha mavi na rozari mkononi?"

"Sasa mama, kwani ni yeye peke yake?" Alikuwa Suzana, yule wa mate. "Mlima mzima tunatapisha. Mimi jana nilizibua. Mzee Mayala hapo, si ulizibua?"

Mzee Mayala akawa anatazama viatu vyake.

"Halafu mlikuwa mnakuja kwangu na ndoo," Leonsia akasema.

"Tulijua kisima chako kisafi," Suzana akajibu, na alikuwa anasema kweli. "Ulinifukuza kwa sababu ya mate tu!"

Leonsia akawatazama mmoja mmoja, na kinyaa kikamzunguka mpaka kikafika kwake mwenyewe. Alikumbuka choo chao cha zamani, kabla ya kisima, mumewe akitoka na mwavuli, yeye akimshikia taa. Yao yalishukia ziwani. Nani alikuwa anachota ziwani, hakuwahi kuuliza.

Alishuka na jagi lake. Hakumngoja Nathaniel, alikifunika kisima kwa bati, akapitisha mnyororo na kufuli.

Jumatatu asubuhi, mawingu yamekaa mazito upande wa ziwa, Ta Venant akasimama uani na ndoo mbili, viatu amevivua mwenyewe kwa heshima ya sementi.

"Fungua, Ma Leonsia. Nyumbani hatuna tone. Ni ya kufulia tu."

Bomba la ukutani je, ameliziba kwa sementi? Hakusema, wala Leonsia hakuuliza. Ufunguo ulikuwa kwenye fundo la kitenge, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Niambie wewe unayechota kwa jirani: ungefungua?