Siku ya Kugawa Nguo za Mama Tumpe

Mzee Kalinga aliamka amechoka, kama alivyolala. Tangu mkewe afariki ndivyo anavyoamka. Alijitanda blanketi akaenda jikoni. Alimkuta Tumpe, binti yake pekee, ameketi karibu na moto, kompyuta mapajani.

Mafinga ilikuwa na ukungu. Mashine za mbao zilikuwa hazijaanza kulia.

"Bado unamalizia, mama?"

"Nimemaliza, Baba. Naangalia tu."

Tumpe alikuwa akisomea udaktari wa fizikia huko Mbeya, amepanga chumba mtaa wa Soweto. Mama yake alipofariki alifunga chumba akaja kukaa na baba. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kutetea kazi mbele ya maprofesa. Mmoja wao alikuwa anakuja kutoka nje ya nchi, na muda wa masomo ulikuwa unaisha. Tumpe akiikosa Alhamisi, kazi yote imelala.

Na Alhamisi hiyohiyo ukoo ulikuwa unamaliza matanga. Pombe ya komoni ilikwishawekwa, nayo ikiiva haisubiri mtu. Siku hiyo binti wa marehemu ndiye anayefungua sanduku la nguo za mama yake akazigawa. Mume halisogelei. Ndivyo wanavyofanya kwao.

Kalinga shule hakuiona. Alipasua mbao ujana wake wote. Akakaa kwenye kigoda.

"Hebu niambie. Hicho unachotafuta ni kitu gani?"

"Kuna chembe inaitwa Higgs, Baba. Ndogo, haionekani kwa macho. Ikizaliwa kwenye ile mashine kubwa ya Ulaya, inavunjika hapohapo, inatoa vichembe viwili. Kwa kanuni tuliyonayo, vikitoka vya aina ya muoni, vyote ni muoni. Vikiwa tau, vyote tau. Kimoja muoni kingine tau, hapana."

"Jamii moja kwa jamii moja?"

"Ndiyo."

"Hao hawana wazee wa kuwakataza."

Tumpe akacheka. Muda mrefu hakuwa amecheka.

"Sasa wapo wanaosema Higgs hayuko peke yake, ana ndugu zake ambao hatujawaona. Kama wapo, ule mchanganyiko unawezekana. Kama wewe na mama, Mhehe na Mnyakyusa."

"Babu yako hakula ubwabwa wa harusi yetu," Kalinga alisema. "Haya. Umeuona?"

"Sijauona. Zamani kidogo watu waliona kama dalili. Vipimo vilipoongezeka, ikafutika. Mimi nimetafuta tena kwa njia nyingine. Hamna."

"Miaka yote hiyo, hamna?"

"Hamna, Baba. Ila sasa tunajua kama upo, ni wa nadra kuliko tulivyodhani. Hilo ndilo ningeenda kuwaambia."

Kalinga alisikia hiyo "ningeenda". Akasukuma kuni motoni.

Dada yake Faustina alipofika kukagua komoni, Kalinga alimwambia pale uani.

"Tumpe anakwenda Mbeya Jumatano."

"Na sanduku?"

"Nitalifungua mimi."

"Wewe? Kaka, umeanza kuchanganyikiwa? Mwanamume ashike gauni za marehemu, mbele ya wakwe?"

"Nitazishika."

"Basi nizigawe mimi, uzee wako usituaibishe."

"Wewe ulimwita mchawi mpaka anaingia kaburini. Hapana, dada."

Tumpe, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Baba, mimi nitabaki."

"Hujaulizwa. Kapange nguo zako."

Alhamisi wakwe walikuja kutoka Mbeya. Wazee walikunywa komoni. Kalinga akavuta sanduku hadi uani, akapiga magoti. Magoti yalimuuma. Alitoa gauni moja moja, asijue lipi la nani. Sweta zuri akampa Veneranda, jirani ambaye marehemu hakumpenda. Kitenge cha harusi kikaenda kwa shemeji, naye akakipokea kwa mikono miwili, analia. Mzee mmoja alitema mate akageuka. Faustina alibeba sufuria zake akaenda zake.

Jioni simu ikalia.

"Baba, wamenipitisha. Kuna mahali pa kurekebisha tu."

"Umewaambia hamna?"

"Nimewaambia. Wamenibana sana, kisha wakasema nimetafuta vizuri."

"Vizuri."

"Na huko?"

"Nimegawa."

"Umegawa vipi, Baba?"

"Vibaya. Lile sweta nimempa Veneranda."

"Mama angekufukuza nyumbani," Tumpe alisema.

"Angenifukuza," Kalinga alisema. "Umekula?"

"Bado."

"Kale, mama. Mimi naenda kulala."