Gunia la Shemeji

Shemeji yangu ni mchongaji asiyechonga. Ukimuuliza kazi yake atakujibu "mchongaji," kisha atakutazama usoni aone kama umeshtuka. Hana patasi, hana nyundo. Ana ndoo ya uji wa wanga, ana waya, na ana matambara. Mimi ni fundi makochi, mwaka wa ishirini na tisa huu, na vitambaa nilivyoshika hajawahi hata kuviota, lakini hakuna aliyewahi kuniita msanii. Wananiita fundi, na wananiuliza kochi litakuwa tayari lini.

Alianza na mti. Alinunua gogo zuri, akaligongagonga wiki mbili mpaka likapasuka katikati na yeye akajikata kidole gumba. Akahamia kwenye jiwe. Jiwe likamshinda hata kulivusha mlangoni. Ndipo akagundua nguo kuukuu. "Kitambaa hakinikatai," alituambia siku moja tukila. Nikamjibu kwamba kitambaa hakimkatai mtu yeyote, hata vichaa wanavaa. Mdogo wangu, ambaye ndiye mke wake, alinikanyaga mguu chini ya meza. Mtaani wanamwita Profesa, na yeye, maskini, anadhani ni sifa.

Kazi yenyewe ni hii. Nguo mpya haigusi, anasema haijaishi. Anataka iliyovaliwa mpaka ikachoka. Anaichovya kwenye wanga, anaikamua, anaivisha kiunzi cha waya alichokikunja mwenyewe, anaiacha uani siku tatu. Ikikauka anachomoa waya kwa chini, na shati linabaki limesimama peke yake, kifua mbele, bila mtu. "Nilichochonga ni kile kilichomo ndani," anasema. Kilichomo ndani ni hewa! Debe tupu haliachi kuvuma. Niliwahi kwenda kwenye maonyesho yake, nikakuta watu wazima wenye miwani wanalizunguka koti la tarishi mstaafu, wanainama, wananong'ona, mama mmoja anafuta machozi. Nikawaza tarishi mwenyewe yuko wapi, na anavaa nini siku za baridi.

"Shemeji, tazama kiwiko," aliniambia siku ile. "Nguo ikivaliwa sana inashika umbo la mwenyewe. Mimi sifanyi kitu kikubwa. Nalizuia tu lisipotee."

"Pasi ya moto inayaondoa hayo yote kwa dakika mbili," nikamwambia.

Akacheka. Hilo ndilo linaloniudhi kwake: unamtupia neno la kumchoma, yeye anacheka, na wewe unabaki na hasira yako mkononi hujui uiweke wapi.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Tulimwita Kibogoyo kwa sababu meno ya mbele yalimng'oka yote mawili wiki moja, na hakuona haya kumchekea kila mtu. Alifariki akiwa na miaka sita, homa ya siku nne tu. Mdogo wangu alizikusanya nguo zake bila kuzifua, akazifungia kwenye sanduku chini ya kitanda. Miezi michache baadaye shemeji alizitaja mbele yangu, kwa sauti ya chini, kwamba labda ipo siku. Sikumwacha amalize. "Hata mwanao unataka kumpaka wanga?" Akatoka nje. Mdogo wangu aliendelea kuosha vyombo. Mimi nikajipongeza kwamba nimemtetea.

Ikapita miaka miwili. Jumatatu moja Profesa akaingia karakana kwangu amekumbatia gunia kifuani, limefungwa kwa kamba. Bati la chumba chake cha kazi lilikuwa linavuja, akaomba aliweke kwangu pakavu.

"Mpaka Ijumaa tu, shemeji. Tafadhali lisiguswe."

"Lina dhahabu?"

"Lina nguo."

"Nguo au matambara?"

Akaliweka kwenye rafu mwenyewe, akaligusa kidogo kwa kiganja, akaenda zake. Zilikuwa nguo za Kibogoyo. Nawaambia ninyi sasa. Mimi hakuniambia, na sina wa kumlaumu. Nani angenieleza jambo kama lile, na mdomo huu ninaoujua mwenyewe?

Wiki ile nilikuwa na kochi la Mwalimu. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mama asiyependa mchezo, na nusu ya wateja wangu nimewapata kwa sababu yeye amewaambia kuwa mimi ni fundi mwaminifu. Lilikuwa kochi kubwa lenye mikono minene. Sasa niwape siri ya makochi. Mikono hula sponji kuliko kiti chenyewe, kwa hiyo juu fundi huweka sponji nzuri, na ndani hujaza chochote: mapazia, magunia, masalio ya wiki iliyopita. Mteja anaambiwa ni sponji tupu. Nani atapasua mkono wa kochi lake aone? Jumatano mchana gari la kulibeba lilishafika mlangoni, mkono wa kulia umejaa, wa kushoto bado mtupu, na masalio yameniishia.

Nikalitazama gunia. Sitawaficha, nilicheka. Nikasema leo sanaa ya Profesa itapata mtu wa kuikalia. Nilifungua kamba, nikachota mafungu mafungu bila hata kutazama, nikashindilia kwa mti, nikafunika kwa sponji, nikavuta kitambaa, nikapiga ule mshono wa ndani usioonekana. Ulikuwa mshono mzuri sana. Kesho yake nikaenda kwa fundi mapazia jirani yangu, nikaomba vipande, nikajaza gunia na kulifunga kamba vilevile. Matambara ni matambara.

Ijumaa walikuja wote wawili. Mdogo wangu alikuwa amevaa gauni la kutokea, nywele amezichana vizuri. Alinisalimia, akalitelemsha gunia mwenyewe.

"Kaka, nimekubali," akasema. "Nimefikiri sana, nikazitoa nguo sandukuni, nimekubali amtengeneze mtoto wetu. Ila nataka nizitoe mwenyewe, moja moja, kabla hazijaingia kwenye maji."

Nilielewa kabla hajafungua kamba. Akatoa kipande cha pazia la kahawia. Akatoa kingine. Akakaa sakafuni, akalimimina gunia lote mapajani, akawa anavigeuza na kuvigeuza tena.

"Zangu ziko wapi?" akauliza. Hakuwa anamuuliza mtu.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: wezi. Dirisha la nyuma halifungi vizuri, wangeamini. Nikisema kweli, Mwalimu atajua makochi yangu yana nini ndani, na akijua Mwalimu umejua mji mzima. Nikavuta pumzi niseme wezi, Profesa akanitangulia. Alipiga magoti kando ya mkewe.

"Ni kosa langu, mke wangu. Ningeliacha nyumbani. Ni mimi."

Nikamdharau hata kwa hilo, mtu wa kuokota kila kitu, mpaka makosa yasiyo yake. Lakini hili alikuwa analiokota mbele ya macho yangu, na mwenyewe nilikuwa nimesimama pale pale.

"Ziko ndani ya kochi la Mwalimu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeziweka."

Mdogo wangu alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Profesa hakunitukana. Aliuliza tu kama nilitumia gundi. Nikasema hapana, nimeshindilia tu.

Tulimkuta Mwalimu amekalia lile kochi, kiwiko juu ya mkono wa kushoto, anasoma gazeti. Shikamoo, marahaba, karibuni. Nikamwambia naomba niufungue mkono ule.

"Una kasoro?"

"Ndani kuna nguo, Mwalimu."

"Uliniambia sponji tupu."

"Nilikuambia."

Aliinuka. Nikapasua mshono wangu kwa kisu changu. Zikatoka: soksi ya shule, sweta, gauni lenye mfuko mmoja, suruali iliyochakaa, zote zimebanana na kujikunja. Profesa alizipokea moja moja. Mwalimu alikuwa ameshakunja uso kunisema, lakini alipoona udogo wa ile soksi akasita.

"Za nani hizi?"

"Za binti yangu," mdogo wangu akasema. "Alishafariki."

Mwalimu akamvutia kiti, akamkalisha, akamshika bega. Kisha akanigeukia mimi.

"Fungua na mkono wa pili."

"Mwalimu, ule hauna..."

"Fungua."

Nikafungua. Likatoka pazia la jikoni, magunia mawili ya saruji, na taulo lenye madoa ya rangi. Aliyatazama yote kwa utulivu, moja baada ya jingine, kama anayesahihisha daftari.

"Na haya ya nani?"

"Yangu."

"Basi yabebe."

Hakupandisha sauti. Nilitoka na uchafu wangu mikononi, nikapita nao barabarani watu wakiniangalia. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliuchukua mwiba nikaushindilia mwenyewe.

Nyumbani kwao mdogo wangu alizitandaza nguo kitandani. Nikataka kusaidia. Nikalichukua lile gauni, nikalinyoosha kwa kiganja, kwa nguvu, jinsi ninavyonyoosha kitambaa cha kochi, na wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja nisiifute mikunjo ya mtoto. Mdogo wangu akaninyang'anya.

"Kaka, nenda nyumbani. Niache na mume wangu."

Nilichelewa mlangoni kufunga kamba za viatu, nikawasikia. Profesa aliuliza mtoto akisimama alikuwa anaegemea mguu upi. Mdogo wangu akamjibu, wa kushoto, na ule mwingine anaukunja anajikunia kisigino, hukumbuki? Halafu akaanza kusimulia siku mtoto alipokwenda shule amevaa sweta ndani nje akakataa katakata kuligeuza, wakacheka wote wawili, kisha akalia, kisha akaendelea kusimulia huku analia. Miaka miwili yote, mbele yangu, hakuwahi kumtaja hata mara moja. Mimi nilidhani ameshapoa.