Viatu Mbele ya Lifti

Juzi, katikati ya mji wa Kisumu, niliona viatu vya mtoto vimepangwa mbele ya lifti, nikacheka peke yangu.

Utotoni, Dani, nyanya yangu, alinitembeza mji huo kwa miguu, akijigamba kwamba anaujua kama jikoni kwake. Viatu vyangu vipya vya soko la Kibuye bado vilinuka rangi. Tulifika kwenye chumba kidogo chenye sakafu inayong'aa, nikavivua nje, kama tulivyozoea tukiingia kwa watu. Mlango ukajifunga, chumba kikavuma. Ulipofunguka, barabara haikuwepo.

"Dani, viatu vyangu vimebaki Kisumu!" nililia.

Sasa najua tulipanda ghorofa tatu tu.

"Nyamaza," Dani alisema, akitazama miguu yake mitupu. "Vyangu viko huko pia, vinavilinda vyako."