Mbao za Kaka

Ijumaa moja ya mwaka 1985, pale Malindi, nilifiwa na kaka yangu. Hakuwa fundi, lakini alichonga maua kwenye kila ubao uliomfikia, milango, vitanda, na ukimficha patasi alitumia msumari.

Zilipotakiwa mbao za kufunikia mwanandani, kishimo cha kumlaza maiti kaburini, ubao mtupu haukuwepo nyumbani, na maduka yamefungwa kwa sala. Mbao za kaburi hazipambwi. Nilimtolea imamu zile za kaka, nikihofia zisije zikakataliwa.

“Mwanangu, huna nyingine?” aliuliza imamu.

“Zote kazichonga, shehe. Hakuweza kujizuia.”

Alizigeuza moja moja. “Haya, zichukueni. Upande mtupu umwelekee maiti.”

Wanawake tulibaki nyumbani. Wanaume waliporudi kutoka makaburini nilimuuliza mjomba kama walifanya hivyo.

“Tulikuwa na haraka,” akasema. “Sikutazama.”