Barafu Inaponyamaza

Jumamosi iliyopita nilikuwa mtaa wa Wetherill Park, hapa Sydney, nikingoja gari libadilishwe tairi, simu ikaniambia kwamba dada yetu wa mtaa wa Kensington ametutoka, usingizini, kwa amani. Wasomaji wengi mlimjua kama yule Mkenya mcheshi wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza barafu. Vinasa sauti vilikuwa vimezamishwa katika bahari za kaskazini, naye akiisikiliza akiwa huku huku Sydney, kisha akiwashauri manahodha wa meli za mizigo ni lini wapite. Jua letu kali la Desemba ndiyo baridi kuu ya huko kaskazini, kwa hiyo Krismasi hakuwa na likizo.

Krismasi moja tulikuwa uani kwa mwenzetu mmoja, mtaa wa Minto, nyama imeiva, na mchungaji amezama katika maombi ya chakula, yale marefu yanayowapitia ndugu wote waliobaki nyumbani. Simu ya dada ikalia. Meli ilitaka kung'oa nanga, na mawingu yalikuwa yameizuia setilaiti kuona njia. Akainua mkono.

“Mchungaji, samahani, naomba kimya kidogo.”

“Dada, hata Mungu asubiri barafu?”

“Mungu ana subira, Mchungaji. Nahodha hana.”

Akavaa hedifoni, kisha akanipa nami nisikilize. Sikusikia kitu. “Shwari kabisa, waende,” nikatangaza, kwa uhakika wa mtu mwenye shahada ya historia.

“Shwari ndiyo inanitisha, kaka. Jana mawimbi yalivuma, mabonge yakigongana. Leo barafu imeshikana, imeyafunika maji, upepo hauyafikii tena.” Akamwambia meneja wa meli wasubiri meli ya kuvunja barafu. Tulisikia jinsi meneja alivyofoka. “Acha wanikasirikie,” akasema akikata simu, “bora wawe bandarini.” Kesho yake mawingu yakafunguka: njia ilikuwa imezibwa kote. Mabaharia walikuwa salama, wakinywa chai na kumlalamikia.

Sisi huku ugenini tunaogopa kelele: ugomvi wa kamati, malalamiko ya zamu za usiku. Yeye aliogopa aliyeacha kulalamika, na alimwendea mlangoni na chapati. Tangu msiba nimekuwa nikiwapigia wale wasionisumbua. Wa kwanza alisema yuko salama, hana neno. Sikukata simu. Mwishowe akaanza kumsema bosi wake, na hakumaliza mpaka chai yangu ilipopoa. Sijawahi kusikiliza malalamiko kwa furaha kiasi hicho.